Asmini: Dawa Iko Kwenye Jani, Biashara Iko Kwenye Harufu

Chupa ya mafuta ya asmini inayouzwa siku hizi, iwe Kariakoo, Mombasa au Dubai, huja na ahadi zilezile: hutuliza akili, huleta usingizi, huamsha mapenzi. Pembeni huongezwa kwamba hiyo ni siri ya maelfu ya miaka ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Mnunuzi hana sababu ya kubisha. Ua analijua, harufu yake anaipenda, na tangu zamani amesikia kwamba India ni nchi ya waganga.

Tatizo ni kwamba vitabu vya Ayurveda vinasema mengine. Bhavamishra, mganga wa Kihindi wa karne ya 16 aliyekusanya elimu ya dawa katika kitabu chake Bhavaprakasha, alitenga sehemu maalumu ya maua, na humo asmini ziitwazo jati anazieleza kwa maneno machache: ni chungu, ni kakasi, ni nyepesi, ni za moto. Kisha anataja maradhi zinayoyatibu: ya kichwa, ya macho, ya kinywa, ya meno, sumu, magonjwa ya ngozi, vidonda, damu iliyochafuka. Usingizi haumo. Wasiwasi wa moyo haumo. Nguvu za unyumba zimo, lakini kwenye maelezo ya asmini nyingine, mallika, na hata huko zimetajwa pamoja na vidonda, sumu, maradhi ya kinywa na kukosa hamu ya chakula.

Ukiisoma orodha hiyo bila kuwaza chupa za dukani, utaona ni orodha ya mtu anayeshughulika na usaha, ufizi na ngozi. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo uzito wa jambo zima: asmini ni dawa ya ngozi na kinywa ambayo soko limeigeuza kuwa dawa ya mawazo.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia mmea upi. Jenasi ya Jasminum ina spishi zaidi ya 200, na Ayurveda inazijua kwa karibu tatu. Ya kwanza ni Jasminum grandiflorum, jati kwa Kisanskriti na chameli mitaani: matawi marefu membamba, ua la petali tano lenye rangi ya waridi kwa nje likiwa bado tumba. Ya pili ni Jasminum sambac, yaani mallika au mogra, ua jeupe nene ambalo wanawake wa Kitamil hulifuma kwa uzi na kulivaa nywelani. Asmini hiyo ya mji wa Madurai ina sifa kiasi kwamba mwaka 2013 ilipewa nembo rasmi ya kisheria inayolinda jina la mahali ilipotoka. Ndiyo hiyo pia iliyozoeleka Unguja na Lamu. Ya tatu, Jasminum auriculatum au juhi, haina mengi ya kutuchelewesha.

(Afrika Mashariki ina asmini zake za porini. Mojawapo, Jasminum fluminense, inabeba jina la Rio de Janeiro kwa sababu mtaalamu aliyeiandika kwanza aliikuta Brazili akadhani ni ya huko, kumbe asili yake ni Afrika. Lakini Ayurveda haina habari nayo.)

Zote ni za familia moja na mzeituni. Hili lina maana kwa tiba, kwa sababu uchungu wa jani la mzeituni na uchungu wa asmini hutokana na viambata vya jamii moja, ambavyo wanakemia huviita sekoiridoidi. Ukilitafuna jani la asmini hutasikia manukato yoyote. Utasikia uchungu, kisha ulimi unakaza. Waganga wa kale hawakuwa na maabara, lakini ulimi walikuwa nao, na Ayurveda imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya ladha: kichungu husafisha, kikakasi hukausha na kufunga. Vyote viwili ndivyo kidonda chenye usaha kinavyohitaji.

Mfumo wao wa nguvu tatu za mwili, vata, pitta na kapha, sitauingia kwa kina. Wazee wetu wa pwani wanaogawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi wataelewa mantiki yake bila shida: ugonjwa ni mizani iliyoyumba, na dawa ni kitu cha kuirudisha. Ila jambo moja linafaa kusemwa. Bhavamishra anaziweka jati na mallika zote upande wa moto. Wauzaji wengi wa leo wanaiuza asmini kuwa kitu cha kupoza. Ama wamefuata kitabu kingine, ama, naelekea kuamini hivyo, wamefuata hisia ya ua jeupe linalofunguka usiku.

Twende kinywani. Mwenye vidonda vya mdomoni huambiwa achume majani machanga ya jati, ayaoshe, ayatafune polepole huku akiutembeza utomvu kwenye ufizi na chini ya ulimi, kisha ateme. Hamezi. Kwa vidonda vilivyoenea, majani huchemshwa pamoja na mimea mingine, maji yakipoa huchanganywa na asali, mgonjwa akasukutua. Kwa sikio linalotoa usaha, maji ya majani hupikwa na mafuta na kutiwa matone. Hilo la sikio silishauri hata kidogo, kwa sababu sikio linalotoa usaha mara nyingi limetoboka ngoma, na mafuta yakipita hapo huleta balaa jipya. La kinywa, kinyume chake, lina gharama ndogo na hatari ndogo, na linalingana na tunachokijua kuhusu vitu vyenye ukakasi: hukaza utando wa juu na kupunguza majimaji.

Sasa tuje kwenye dawa iliyoipa jati jina lake hospitalini. Inaitwa jatyadi, yaani dawa inayoanza na jati. Ipo ya mafuta na ipo ya samli, na hadi leo ni miongoni mwa dawa za vidonda zinazotumika sana katika hospitali za Ayurveda: kwa vidonda sugu, majeraha ya moto, mpasuko wa njia ya haja kubwa, vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Kinachonivutia ni kwamba Mswahili akisomewa vilivyomo atavijua vingi: majani ya jati, majani ya mwarobaini, manjano, nta ya nyuki, mafuta ya ufuta au ya nazi. Ndani yake huingia pia mizizi na mbegu za Kihindi tusizozizoea, kama katuki, manjistha, karanja na mzizi mtamu wa yashtimadhu. Na mwisho, mrututu.

Mrututu ni ule unga wa buluu, chumvi ya shaba, ambao wazee wa pwani waliutumia kukausha vidonda. Wakulima wa kahawa nao wanaijua shaba kwa kazi nyingine, ya kuua ukungu kwenye majani ya mibuni. Inaua vijidudu kweli. Ikimezwa inaunguza tumbo na kuharibu ini na figo. Kwa hiyo jatyadi ni ya kupaka tu, na si kila mahali.

Namna ya kuipika imeelezwa kwa makini katika kitabu cha Sharngadhara, cha karne ya 13 au 14, na kanuni yake inafuatwa mpaka leo: fungu moja la dawa zilizosagwa, mafungu manne ya mafuta, mafungu kumi na sita ya maji. Moto uwe mdogo. Mpishi anakoroga mpaka maji yaishe, na hapo ndipo ujuzi unapopimwa. Huchota kidogo ule uji wa dawa uliobaki, akausokota kati ya vidole: ukikubali kusokoteka kama utambi bila kunata, umekaribia. Hutupa kipande motoni: kikitatarika, maji bado yamo. Tena anatazama povu. Mafuta yakiiva hutoa povu, samli ikiiva povu lake hutulia. Maji yakibaki, dawa itaoza. Ikiungua, itakuwa mafuta ya kukaangia tu yenye rangi mbaya. Hakuna hata hatua moja inayohusika na harufu ya asmini. Na kwa kuwa ni majani yaliyochemka kwa saa nyingi, harufu isingebaki hata kama ingekuwapo.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2011 watafiti wa Mumbai walichapisha jaribio lao kwa panya waliokatwa ngozi mgongoni. Waliopakwa jatyadi, majeraha yao yalifunga haraka kuliko wasiopakwa. Zipo pia ripoti za madaktari wa Ayurveda kuhusu wagonjwa wao, nyingi za mtu mmoja mmoja au makundi madogo. Ni dalili nzuri, lakini si hukumu. Na hata tukikubali kwamba dawa inaponya, bado hatujajua asmini imechangia nini. Ndani ya chungu kile kuna mwarobaini, kuna manjano, kuna shaba, kuna nta inayofunika kidonda kisikauke. Kuisifia asmini peke yake kwa kazi ya jatyadi ni kama kumsifu nahodha kwa magoli yote ya timu kwa sababu jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha.

Kuna ushahidi mwingine, na huu unahusu ua lenyewe, wala si wa panya. Katika India Kusini ni desturi ya zamani kumfunga asmini kifuani mwanamke anayetaka maziwa yakauke: mama aliyepoteza mtoto, au ambaye kwa sababu ya ugonjwa hawezi kunyonyesha. Mwaka 1988 madaktari wa Vellore, Tamil Nadu, walichapisha utafiti uliolinganisha desturi hiyo na kidonge cha bromokriptini. Kundi moja lilibandikwa matitini vishada vya maua ya Jasminum sambac, kundi la pili likapewa kidonge. Homoni ya prolaktini, inayoamrisha maziwa, ilishuka kwa makundi yote mawili. Kidonge kiliishusha zaidi. Lakini kwa kiasi cha maziwa na kwa dawa za maumivu walizohitaji akina mama, tofauti haikuonekana. Na baadhi ya waliomeza kidonge maziwa yaliwarudi baadaye.

Mtu mwenye jicho kali atasema: maziwa hukauka yenyewe mtoto asiponyonya, kwa hiyo kulinganisha tiba na tiba hakutuambii kama yoyote kati ya hizo ilifanya lolote. Ni kweli, na ndiyo maana utafiti huo ungefaa kurudiwa ukiwa na kundi lisilopewa chochote. Lakini historia iliyofuata imewapa maua heshima ya aina yake. Katika miaka ya 1990 Marekani iliondoa ruhusa ya kutumia bromokriptini kukausha maziwa, baada ya taarifa za wanawake waliopatwa na kiharusi na degedege. Hakuna aliyewahi kuhitaji kuyapiga marufuku maua. Dawa dhaifu isiyodhuru, kwa jambo ambalo mwili utalimaliza wenyewe kwa siku chache, ni chaguo la busara kuliko kidonge chenye nguvu.

Hapo kina mama wa pwani wana haki ya kuuliza kuhusu kikuba. Asmini iliyofungwa pamoja na mrehani na majani mengine ya kunukia huvaliwa nywelani au kifuani jioni, na wengine wananyonyesha. Katika utafiti wa Vellore maua yalikaa yamebandikwa kwenye ngozi ya titi kwa siku kadhaa, usiku na mchana, na mtoto hakuwa akinyonya. Kikuba cha saa chache cha kwendea harusini ni jambo jingine kabisa. Mtoto akiendelea kunyonya, ndiye anayeamrisha maziwa.

Tumefika kwenye harufu, na hapa ndipo pesa ilipo. Mwaka 2010 magazeti ya dunia yalitangaza kwamba wanasayansi wa Bochum, Ujerumani, wamegundua harufu ya asmini inatuliza kama Valium. Habari hiyo bado inazunguka kwenye matangazo ya mafuta. Walichopima hasa ni kemikali ya manukato iliyotengenezwa maabara, yenye jina la kibiashara Vertacetal-coeur, kwenye chembe hai zilizooteshwa na kwenye panya waliofungiwa ndani ya kizimba kilichojaa mvuke wake. Chembe ziliitikia kweli, kupitia mlango uleule wa ubongo unaotumiwa na dawa za usingizi. Lakini hapakuwa na ua la asmini chumbani, wala binadamu aliyelala kwa kulinusa.

Tafiti zilizotumia asmini yenyewe kwa watu zinavutana. Wajapani mwaka 2005 walionyesha kwamba harufu hafifu ya chai ya asmini hupunguza mapigo ya moyo. Mwaka 2010 utafiti wa Thailand ukaja na kinyume: watu waliopakwa na kusingwa mafuta ya asmini tumboni walipumua kwa kasi zaidi, shinikizo la damu likapanda kidogo, na wenyewe wakasema wamechangamka. Huenda vyote viwili ni kweli na siri ni kipimo, kidogo kikituliza na kingi kikiamsha. Ndani ya mafuta ya asmini mna linalooli, ambayo majaribio mengi yameiona ikituliza, na mna indoli, ambayo ikizidi hunuka kama choo. Mwenye shinikizo la damu anayekandwa mafuta mazito ya asmini ili "atulie" huenda anafanyiwa kinyume cha alicholipia.

Na mafuta yenyewe, ni yapi? Kwa desturi ya Jaunpur, Uttar Pradesh, mafuta ya chameli hayakutoka kwenye ua moja kwa moja. Ufuta ulitandazwa, maua mabichi yakamwagwa juu, ufuta tena, maua tena. Kesho yake maua yaliyochoka yaliondolewa yakaja mengine, siku baada ya siku, mpaka punje za ufuta zikashiba harufu ndipo zikakamuliwa. Ni mafuta ya ufuta yenye roho ya asmini, na mwili unayapokea vizuri. Mafuta mazito ya kisasa hutolewa kwa kiyeyushi cha kemikali, kwa sababu mvuke wa moto huliharibu ua, na mamia ya kilo za maua hutoa kilo moja tu. Bidhaa ya gharama hiyo haiwezi kuuzwa kwa bei ya soda. Chupa ya bei rahisi ni manukato ya kiwandani, hata kama nembo yake ina picha ya mungu wa Kihindi. Hata ile halisi husababisha mzio wa ngozi kwa baadhi ya watu, kiasi kwamba shirika la kimataifa la watengeneza manukato, IFRA, limeiwekea kiwango cha juu kinachoruhusiwa.

Kuna hatari mbili zaidi zinazostahili kutajwa. Ya kwanza ni madini. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, wakakuta karibu moja kati ya tano ina risasi, zebaki au aseniki. Zilizotengenezwa Marekani kwenyewe hazikuwa bora kuliko za India. Nyingi ya zile zenye viwango vikubwa zilikuwa za tawi la rasa shastra, ambalo huchanganya madini kwa makusudi. Dawa ya asmini ya kupaka haiko kundi hilo, lakini vidonge vinavyouzwa pembeni yake vinaweza kuwamo.

Ya pili ni jina. Mimea mingi inayonukia huitwa asmini bila kuwa ya jenasi yake. Gelsemium ya Marekani, inayoitwa huko asmini ya manjano, ni sumu inayoua. Kichaka cha Cestrum nocturnum, kinachopandwa uani na kujaza harufu mtaa mzima usiku, nacho ni sumu, na wengi hukiita asmini ya usiku. Parijata ya Wahindi, Nyctanthes, ni dawa inayoheshimika kwa homa na maumivu ya nyonga, ila ni mmea mwingine wenye matumizi mengine. Mtu anayechuma majani ya kutafuna kwa ajili ya vidonda vya mdomoni ahakikishe kwanza amechuma kwenye mti gani.

Pwani yetu ilipokea mengi kutoka India, mwarobaini ukiwa mmojawapo. Kwa asmini, tulichukua ua tukaacha jani. Tulilitandaza kitandani kwa maharusi, tukalivaa, tukalitia kwenye makoja, na kwa hilo tulikubaliana na Bhavamishra kuhusu mallika bila kumsoma. Jani likabaki kichakani.

Linafaa kuchunguzwa. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, ambayo mizizi yake ni kitengo cha utafiti kilichoanza mwaka 1974, na Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002. Swali lenyewe ni dogo na halihitaji fedha nyingi: je, majani ya asmini ya Unguja, ambayo ni mallika wala si jati, yanaponya vidonda vya mdomoni kwa kasi kuliko maji ya chumvi? Wagonjwa wapo na majani yapo. Mwenye kisukari mwenye kidonda mguuni asisubiri jibu hilo wala asijitibu kwa chupa yoyote: aende hospitali leo.